Mpunguzieni Chumvi

Pale kwenye kiwanda cha sharubati walimwita Lita, na jina likamganda mpaka nyumbani, hata baba yake mzazi akawa hamwiti vingine. Alikuwa mchanganyaji. Kazi yake ilikuwa kupokea shira nzito kutoka chumba cha kuchemshia, ile inayojivuta kwenye kata kama asali, na kuipa maji mpaka iwe kitu ambacho mtu anaweza kukinywa bila meno kumuuma. Watu wa nje walidhani ni kazi ya kukoroga. Lita akisikia hivyo alicheka kwa pua tu.

"Kukoroga inakoroga mashine," alimwambia yule mfanyakazi mpya, dereva wa zamani wa gari la mikate, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mgeni. "Wewe unahesabu."

Mgeni alikuwa ameharibu tangi zima siku yake ya kwanza. Aliambiwa: shira ni kilo mia mbili, ina sukari sitini katika kila mia, ongeza maji mpaka kilo elfu moja. Yeye hilo "mpaka" hakulisikia. Alisikia "ongeza maji kilo elfu moja," akafungua bomba, akaegemea ukuta akipiga mluzi. Kilichotoka mle kilikuwa sharubati iliyopooza, isiyouzika. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, halafu wakamwachia Lita amfundishe.

"Usianze na maji, kaka. Anza na sukari. Mle kwenye shira mna sukari kilo ngapi?"

Mgeni alihesabu kwa midomo. "Mia na ishirini."

"Ukimwaga maji juu yake, inakuwa ngapi?"

"Inapungua."

"Inaenda wapi?"

Mgeni akatazama tangi, akatazama na sakafu, kana kwamba sukari ingeweza kuwa imepenya kwenye ufa na kutoroka.

"Haiendi popote," Lita akasema. "Iliyoingia imo. Maji hayaibi sukari, yanaitawanya tu. Sasa sisi tunataka sharubati yenye kumi na mbili katika kila mia. Hiyo mia na ishirini yako inatosha mia ngapi?"

"Kumi."

"Mia kumi ni elfu. Mia mbili unazo tayari kwenye shira. Za kuongeza?"

"Mia nane!" Mgeni akapiga paja lake. "Kumbe elfu ni jumla!"

"Elfu ni jumla. Na kitu kingine, usionje." Alimwonyesha ukutani, palipoandikwa kwa rangi nyekundu HAKUNA KUONJA. "Ulimi uliotoka kunywa chai unasema hivi, ulimi wenye njaa unasema vile. Tuna kipimo cha kioo, kinaelea, kinasema kweli."

Tangu siku hiyo Mgeni akayafanya yale maneno wimbo. Kila akifungua bomba alikuwa anaimba, "Iliyoingia imo, iliyoingia imo," huku akitikisa mabega, na wanawake wa chumba cha chupa wakiitikia kwa makofi. Kazi ikawa na raha yake.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na shida. Baba, fundi rangi aliyekuwa amepaka nusu ya nyumba za mtaa ule, alikuwa amevimba miguu. Ilianza kwenye vifundo, ikapanda. Ukibonyeza kidole pale penye ugoko, shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa. Usiku alilala ameegemea mito mitatu, maana akilala chali alihisi anazama. Daktari wa moyo, mama mmoja mwenye haraka lakini mwenye sauti ya upole, alimsikiliza kifua, akaandika vidonge, akawageukia waliomsindikiza.

"Moyo umechoka. Hauwezi kusukuma vizuri, na chumvi inavuta maji, yanabaki mwilini. Vidonge peke yake havitoshi. Mpunguzieni chumvi. Na maji asizidishe."

Waliomsindikiza walikuwa Lita na Shangazi. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba, mjane, na ndiye aliyeshika jiko la nyumba ile tangu mama yake Lita alipofariki. Shika ndilo neno lenyewe. Hakuna aliyegusa mwiko bila ruhusa yake. Nyumba ilikuwa haikauki watu: majirani, wateja wa zamani wa Baba, ndugu wa mbali waliokuja kumjulia hali wakaona chakula ni kizuri wakarudi kesho yake. Kila siku mezani palikuwa na watu kumi na mbili au zaidi, na kila siku Shangazi alibandika sufuria kubwa ya supu ya mifupa, akatia vijiko vitatu vya chumvi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa, neno la daktari lilipofika jikoni, lilikuta mtu aliyekuwa akilijua vizuri kabisa. Kupunguza chumvi! Nani asiyejua kupunguza chumvi? Mchuzi ukizidi chumvi unaupunguza: unaongeza maji, unaacha uchemke kidogo, unaonja. Shangazi alikuwa akipunguza chumvi tangu hajaolewa. Basi akatoa sufuria ndogo yenye mfuniko wa buluu, akaitenga, akaitangaza kwa wote.

"Hii ni sufuria ya mgonjwa. Atakayeitia kijiko tutaonana."

Kila asubuhi alichemsha humo vipande vya nyama vya mdogo wake, akatia chumvi kijiko kimoja, maana kwake nyama iliyochemshwa bila chumvi ilikuwa haijapikwa, ilikuwa imeogeshwa tu. Ikiiva, anapunguza: anaongeza maji mengine kiasi kile kile kilichokuwemo. Anaonja. Anakunja uso. Haina ladha. Ndivyo daktari alivyotaka.

Siku ya kwanza Lita alipita jikoni akiwa na mkoba begani, amechelewa kazini.

"Njoo wewe mwenye kazi ya kuchanganya," Shangazi akamwita. "Onja hapa. Nimemwongezea maji, imekuwa nusu ya ilivyokuwa. Si ndivyo mnavyofanya huko kwenu?"

Lita akaonja kutoka kwenye mwiko. Ilikuwa dufu kweli.

"Hapo sawa, Shangazi," akasema, akatoka mbio.

Supu ile hakuna mwingine aliyeitaka, na Shangazi hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Kwa hiyo Baba aliimaliza peke yake. Bakuli la asubuhi, bakuli la mchana, mawili ya jioni, mpaka mfuniko wa buluu unainuliwa na sufuria inaonyesha kitako. Akijaribu kukataa, Shangazi alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Kunywa. Hiyo ndiyo dawa yenyewe."

"Dada, daktari alisema maji nisizidishe."

"Supu si maji. Kunywa."

"Haina chumvi jamani. Ni kama kulamba dirisha."

"Ndiyo uzima huo."

Mama Redio, jirani wa ukuta mmoja, ambaye habari ya asubuhi ilikuwa ikifika mwisho wa mtaa kabla yeye hajavaa viatu, alikuwepo karibu kila siku, na Baba alipenda kumchokoza. "Chumvi yangu yote siku hizi anaichukua huyu," alisema akimnyooshea kidole kilichovimba. "Anaitia kwenye habari zake." Watu wakacheka, Mama Redio akacheka kuliko wote, na Baba akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akahitaji kushikwa mgongo.

Miguu haikupungua. Ilifika magotini, halafu mapajani, halafu tumbo likaanza kujaa. Viatu vilimshinda, akavaa kandambili, kandambili nazo zikamkata. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kupanda ghorofa, na yuko kitini. Waliporudi kwa daktari, alimbonyeza kila mahali.

"Vidonge anameza?"

"Nampa kwa mkono wangu," akasema Shangazi.

"Na chumvi?"

Shangazi akajinyoosha kitini. Hili ndilo swali alilokuwa akilisubiri. "Daktari, chumvi tumempunguzia kabisa. Chakula chake hata paka hali. Muulize huyu, yeye kazi yake ni hiyo, alionja mwenyewe."

Daktari akamtazama Lita. Lita akaitikia kwa kichwa.

"Basi," akasema daktari taratibu, "kama chumvi mmeacha, vidonge anameza, na bado anajaa, ni moyo wenyewe. Nitaongeza dawa ya kutoa maji. Lakini nisiwadanganye. Jiandaeni."

Njiani Shangazi alishika mkono wa mdogo wake kama anavusha mtoto barabara.

Kesho yake kazini shira ilikuja nzito kuliko kawaida. Lita alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana hata nguvu ya kusoma kipimo, na Mgeni akaamua kumchangamsha. Akafungua bomba, akatikisa mabega, akaimba. Sasa alikuwa ameongezea na ubeti wake mwenyewe, akimwimbia mama mmoja wa chumba cha chupa mwenye kisukari:

"Iliyoingia imo! Ongeza maji, iliyoingia imo! Kunywa kikombe, umekunywa kikombe. Kunywa tangi, umekunywa sukari yote, mama, iliyoingia imo!"

Wanawake wakapiga makofi. Lita akainua kichwa.

"Umesemaje?"

"Nini?"

"Hapo mwisho."

"Kunywa tangi," Mgeni akasema, akaanza kuona aibu. "Si ndivyo? Hata uifanye nyepesi vipi, ukiimaliza yote, umeimaliza yote. Si wewe uliyenifundisha?"

Lita alikuwa ameshasimama. Hesabu ilijifanya yenyewe, kama mguu unavyoshuka ngazi unayoijua. Sufuria kubwa: vijiko vitatu, watu kumi na mbili, Baba mmoja wao. Robo kijiko. Hicho ndicho alichokuwa anakula zamani, kabla hawajampunguzia. Sufuria ndogo: kijiko kimoja, mtu mmoja, mpaka kitako. Kijiko kizima. Maji yaliyoongezwa hayakuondoa hata punje. Yalibaki kuwa maji ya kuzidisha, juu ya yale aliyokatazwa. Walikuwa wamempa chumvi mara nne ya ile ya zamani, wakamnywesha kwa nguvu, wakamwambia ndiyo uzima.

Na yeye ameonja. Mtu anayefanya kazi chini ya maandishi mekundu yale ameonja kwa ulimi, akasema hapo sawa.

Lakini ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine, na ndicho kilichomtoa kiwandani bila kuaga. Daktari alisema ni moyo wenyewe kwa sababu chumvi imeachwa. Chumvi haikuachwa! Basi huenda si moyo wenyewe. Huenda Baba bado ana nafasi.

Alimkuta Shangazi jikoni, sebule imejaa watu, Mama Redio akisimulia kitu kwa mikono yote miwili. Lita akafunga mlango wa jikoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Nataka nikuonyeshe kitu." Akachukua vikombe viwili. Akatia sukari kijiko kimoja kila kikombe. Cha kwanza akakijaza maji nusu, cha pili akakijaza pomoni. Akakoroga. "Kipi kitamu?"

Shangazi akaonja, akafurahi kuchezeshwa. "Hiki cha nusu. Hiki kingine kimepooza. Unanifundisha kupika chai uzeeni?"

"Ukinywa hiki cha nusu chote, umekula sukari kiasi gani?"

"Kijiko."

"Na hiki kilichopooza, ukikinywa chote?"

Shangazi akafungua mdomo kujibu. Kicheko kilikuwa bado kipo usoni pake, halafu kikabaki pale bila mwenyewe. Hakuwa mtu mzito wa kuelewa. Watu waliomdhania hivyo kwa kuwa hakusoma sana walikuwa wamejidanganya. Aligeuka, akaitazama sufuria yenye mfuniko wa buluu, imetulia jikoni ikitoa mvuke.

"Kijiko," akasema.

"Shangazi, si kosa lako. Daktari alisema tupunguze, naye hakusema—"

"Nilikuwa nasimama mbele yake. Mikono kiunoni." Akavuta kigoda, akakaa. "Kila siku mpaka kitako."

"Hatukujua."

"Na wewe ulionja," Shangazi akasema.

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa afadhali, Lita angepata la kujibu. Alisema tu, kama mtu anayetaja vitu vilivyomo chumbani. Kisha akavua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni kwa ajili ya kupika, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hakurudi kushika mwiko.

Lita alimweleza daktari yote. Daktari aliweka kalamu chini. "Kumbe alikuwa bado anakula chumvi," akasema, na sauti yake ikachangamka kidogo. "Basi tuanze upya. Chumvi isiingie kabisa. Tuone."

Wakaona. Lita alipika mwenyewe, bila chumvi hata chembe, nyama iliyoogeshwa, na maji ya kunywa akayapima kwa chupa aliyotoka nayo kazini. Baba akaanza kukojoa. Miguu ikalegea, ngozi ikafanya mikunjo kama soksi iliyopwaya. Asubuhi moja akavaa viatu. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama hapo kuonekana, na kabla ya adhuhuri Mama Redio alikuwa ameshautangazia mtaa kwamba fundi amepona na atarudi kupaka rangi. Watu wakaja kumpongeza. Shangazi aliwapokea sebuleni, akakaa nao, akaitikia salamu. Ukimwambia ale, alisema ameshiba.

Nyumba lakini ilianza kupungua watu. Sufuria kubwa haikubandikwa tena. Lita hakuwa na muda, na chakula chake, tuseme ukweli, kilikuwa cha mtu wa kiwandani. Ndugu wa mbali wakakumbuka kwao. Viti vikawa na nafasi.

Halafu mkojo ukapungua. Kwanza Lita alidhani amekosea chupa. Akapima tena yaliyoingia, akapima yaliyotoka, na tofauti ikawa ile anayoiona miguuni pa baba yake, ikipanda tena ugokoni, magotini, bila chumvi, bila supu, bila kosa la mtu. Hesabu ilikuwa sahihi kila siku. Alianza kuichukia kwa usahihi wake.

"Figo," daktari akasema. "Zimezidiwa. Zilifanya kazi ngumu mno kwa muda mrefu."

"Tungeacha chumvi kweli tangu mwanzo?"

Daktari alifikiria kwanza. Kwa hilo Lita alimshukuru. "Huenda angepata muda zaidi. Huenda ingekuwa hivi hivi. Siwezi kukupa jibu, na mwingine yeyote akikupa anakubahatishia." Akamshika bega. "Mrudisheni nyumbani. Mpeni anachotaka."

Kila aliyewahi kuuguza anajua maana ya maneno hayo mawili.

Alichotaka Baba kilikuwa supu ya dada yake. Aliomba mchana, ameegemezwa mito, dirisha likiwa wazi na sauti za watoto wa jirani zikiingia. "Siyo ya Lita," akasema, akapumzika, akaendelea. "Lita anisamehe. Na siyo ile ya kulamba dirisha. Ile yenyewe."

Shangazi aliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vikombe. Alijifunga kanga ile ile iliyokuwa bado imekunjwa juu ya meza. Alichemsha mifupa polepole, na ilipoiva akachukua kopo la chumvi, akalishika, akabaki amelishika. Mtu aliyetia chumvi maisha yake yote, bila kutazama, huku akimkaripia mtu mwingine.

"Kiasi gani?" akauliza.

Lita akaitazama supu. Ungemwuliza tangi la ukubwa wowote, shira ya uzito wowote, angekujibu kabla hujamaliza.

"Kama zamani, Shangazi."

"Tia wewe."

"Siwezi."

Wakasimama hapo wote wawili, supu ikichemka. Mwishowe Shangazi akatia, akafumba macho. Hakuonja. Lita pia hakuonja.

Baba alipokea kijiko cha kwanza, akakiweka mdomoni muda mrefu kama mtu anayesikiliza. Uso wake ukalegea.

"Hapo sawa, dada," akasema.

Akapokea cha pili. Cha tatu kilimwagika kidevuni, Shangazi akamfuta kwa pindo la kanga. Cha nne aligeuza uso taratibu kuelekea dirishani, na Shangazi akabaki amekiinua kijiko hewani, hajui akirudishe wapi.

"Kunywa basi," akasema kwa sauti ndogo, na mkono wake wa pili ukaanza kwenda kiunoni kwa mazoea, ukaishia njiani.

Hakunywa. Mlangoni Mama Redio alikuwa anabisha hodi, naye hakuna aliyemkaribisha. Lita akalichukua bakuli, akalishika kwa mikono miwili, likiwa bado la moto. Hakutaka kuhesabu, akajikuta anahesabu. Safari hii chumvi karibu yote ilikuwa imebaki ndani ya bakuli.